Cherehani ya Kasuku Haikukaa Tupu

Chumba cha mwisho, ghorofa ya pili,
Nyuma ya kiwanda cha magodoro.
Jumapili asubuhi.

Mpendwa Shangazi,

Shikamoo. Goti linaendeleaje? Na kuku wako, bado wanalala jikoni kama wapangaji? Mimi ni mzima, na mdomo wangu ni mzima zaidi, kama utakavyoona.

Nimesikia umemwagiza binti yako apande basi arudi nyumbani akaugulie kwako. Shangazi, nakuheshimu, lakini hapana. Haji huko.

Ni kweli ana kifua kikuu. Nilishtuka pale binti yako huyo, tunayemwita Kasuku kwa maneno mengi, aliponyamaza. Mtoto anayeongea hata usingizini, ghafla anakula kimya, anakohoa ndani ya mto nisisikie! Alificha kwa sababu ya desturi ya karakana yetu: cherehani ikikaa tupu leo, kesho ina fundi mwingine. Basi akawa anakwenda kushona na homa yake. Madirisha yamefungwa vumbi lisichafue sare nyeupe tunazoshona, nasi tumebanana humo tukivuta hewa ile ile. Mafundi wawili zaidi wamekutwa nacho.

Watu husema maradhi hayachagui. Wee! Yanachagua sana. Yanamtafuta asiyeweza kulala nyumbani akiumwa, na anayefunga dirisha usiku kwa kuogopa wezi. Bosi wetu akikohoa hujipumzisha kwake, chumbani peke yake, na hakuna anayekikalia kiti chake.

Nililia, sikufichi. Kisha nikakasirika, na unanijua nikikasirika. Nikawaambia wenzangu: ugonjwa huu tunaufuga wenyewe kwa woga. Tukapeana zamu. Kila mmoja akimaliza kazi yake anahamia kwenye cherehani za wagonjwa. Bosi akaja kuuliza nani anakaa pale. Tukajibu kwa pamoja, "Kasuku!" Akahesabu sare, zimetimia, akaenda zake akiguna. Madirisha nayo tumeyafungua, vitambaa tunavifunika shuka.

Dawa anazimeza kila asubuhi mbele ya macho yangu. Nesi kasema ni miezi sita bila kuruka, na akikatiza, ugonjwa utarudi na ubishi, usisikie dawa tena. Huko zahanati iko mbali. Utamtibu kwa uji na mapenzi, Shangazi, na mapenzi peke yake hayaponyi kifua.

Juzi nesi alimpima tena, akasema sasa hawezi kumwambukiza mtu, arudi kazini. Jana alirudi. Alikuta kiti chake kimewekwa mto mpya, akalia kidogo, kisha akaanza kuongea. Hadi mchana tulikuwa tunamwomba anyamaze, na hakuna aliyekuwa anamaanisha.

Nisalimie mjomba seremala, na bibi, umwambie meno yake ya bandia bado nayatafuta. Mungu akulinde na akupe usingizi, maana najua huupati.

Kama moyo haujatulia, njoo wewe. Ngazi zetu ni ndefu, lakini goti lisikuzuie: mafundi wameshapeana zamu za kukubeba.

Ni mimi, mtoto wa kaka yako,
nikupendaye pamoja na ukali wangu wote.