Mstari wa Sista Deolinda

Mama, mwaka umetimia tangu tukuzike katika theluji ya Februari, na kiti chako cha jikoni hatujakitoa.

Sista Deolinda Medeiros, ulifanya kazi ya uuguzi miaka kumi na tisa katika kliniki ya utafiti hapa Toronto. Watu waliozoea kujilewesha kwa starehe walikuja kwa hiari yao, wakanyweshwa dawa mpya, nawe kila saa ukawawekea karatasi yenye mstari. Mwanzo wa mstari, "siipendi kabisa", mwisho wake, "naipenda mno." Wao wakatia alama. Hukutabasamu wala hukukunja uso, usije ukawasukuma. Na nyumbani ilikuwa hivyo hivyo. Ukishapakua supu ya sukumawiki, ulipitisha kidole kwenye ukingo wa meza: "Sasa hivi, unaipendaje?" Tulikucheka, lakini tulijibu.

Kisha ikaja dawa ya kanabidioli, itokanayo na mmea wa bangi. Daktari wa mjukuu wako Lídia aliitegemea kumpunguzia kifafa. Wale waliokuja kuijaribu wakionekana kuipenda kupita kiasi, ingefungiwa pamoja na dawa za kulevya, na Lídia angesubiri miaka. Alikuwa na miaka sita, akianguka mara nane kwa siku. Vikombe vingine vilikuwa na kanabidioli, vingine maji ya sukari tu, na vingine dawa inayojulikana wazi kuwa inalewesha, ili kipimo chenyewe nacho kipimwe. Kipi ni kipi, hukujua wewe wala daktari.

Garnet Pell, fundi wa mapaa na mmoja wa waliojitolea kunywa, alikusikia kwenye simu ukimlilia Lídia na dawa anayoingoja. Alipomaliza kikombe chake akakunong'oneza, "Sista, ondoa shaka. Leo naweka alama katikati tu, sipendi wala sichukii, hata nikiona malaika."

Ulimshukuru, kisha ukaenda moja kwa moja kumwambia daktari. Jina lake likafutwa, nawe, kwa kuwa mjukuu wako aliingoja dawa hiyo, ukaondolewa kwenye utafiti. Kumtafuta mtu mwingine kulichelewesha kazi miezi minne.

Mwanao Natália alipopata habari alisimama mlangoni, hata koti hakuvua.

"Miezi minne, Mama. Mtu kajitolea kumsaidia mwanangu, wewe unakwenda kumchongea?"

"Watu wakidanganya kwa ajili ya Lídia, nitajuaje ninachomnywesha Lídia?"

"Basi kaa na karatasi zako."

Jumapili ishirini na saba hakukanyaga kwako. Kila Jumapili ulimwachia sufuria ya supu mlangoni kwake, naye aliirudisha tupu, imeoshwa. Wakaidi wawili nyie, mtoto wa nyoka ni nyoka.

Matokeo yakatoka, dawa haikufungiwa, mkakaa tena meza moja. Lakini radhi hakukuomba. Alijiambia ataomba Krismasi, halafu Pasaka. Moyo wako haukungoja.

Mazishini alikuja Pell, kofia mkononi.

"Waliniambia baadaye," akamwambia Natália. "Kikombe changu siku ile kilikuwa kile cha kulewesha. Ningesema sikuona kitu, kipimo chao kingeonekana kibovu, na kazi yote ingeharibika. Nilidhani namsaidia mtoto, kumbe ningemmaliza."

Natália akamshika mkono, akamketisha karibu na familia.

Lídia sasa ana miaka tisa. Hajapona, ila huanguka mara moja moja tu. Asubuhi Natália humwuliza dawa anaipendaje, na kidole chake hakifiki hata robo ya meza, maana ladha yake anaichukia. Juzi akamwuliza, "Na bibi je?" Kidole kilikwenda hadi mwisho wa meza, kikapita hewani, hakikusimama mpaka kilipogusa kiti chako.

Natália anakuomba radhi leo, Mama, mbele ya wote wanaosoma tangazo hili. Anajua amechelewa.

Hatutakusahau wala hatutachoka kukutaja: mumeo Hermínio, mwanao Natália na mumewe Duarte, mjukuu wako Lídia, dada yako Odília aliye Azores, na Garnet Pell, aliyepiga simu kuomba kwamba safari hii jina lake lisifutwe.