Hatua Arubaini Kutoka kwa Bu Rashid

Jumamosi, 4 Januari

Nimerudi saa tatu. Changu wawili. Tasi mmoja mdogo, nimemrudisha majini. Ngisi wangu wa chambo alikuwa ameganda kwenye friji mpaka nikamvunja kwa kisu, na binti yangu Salma kanijia juu kwa sababu ya harufu. Nyumba ni yake, nimeosha friji.

Miaka thelathini niliishi Ibra, mbali na bahari, kazi yangu maji ya mafalaji, ile mifereji ya mashambani, na mshipi sikuugusa. Mke wangu Zuwena alipofariki, Salma akanihamishia huku Sur nisikae peke yangu. Sasa nakaa peke yangu Sur. Yeye kazini, mume wake kazini, mimi na televisheni. Ndiyo maana nakwenda mwambani. Samaki ni kisingizio.

Bu Rashid, yaani baba Rashid, kanitangulia, kama kawaida. Salamu kwa mbali, mkono juu. Naye mkono juu. Nikahesabu hatua zangu arubaini kutoka pale alipo, nikatandika gunia, nikakaa. Ni Msuri wa hapa hapa, rika langu, kichwa cheupe. Mwaka wa pili huu tunavua pamoja. Mtu mwingine atasema huko si pamoja. Shauri yake. Sina rafiki mwingine mji huu.

Jumatatu, 6 Januari

Leo marehemu baba kanijia sana. Ukuta wa Mizingani, Unguja, mimi na miaka tisa, kazi yangu kushika kikapu na kufunga mdomo.

Alikuwa na mambo yake baba. Humsogelei mvuaji mpaka umemsalimu na yeye kakwambia karibu. Ukishakaribishwa bado unaacha nafasi, mshipi uliorushwa vibaya usimfikie. Humuulizi kapata nini. Jirani akikamata samaki mkubwa, wewe unavuta mshipi wako wote juu, hata kama na wako unaguswa. Na kikapu cha mtu hukichungulii. Kofi moja tu alinipiga maisha yake yote, nalo kwa sababu nilichungulia kikapu cha mzee mmoja wa Kingazija. Hata sikuona kitu. Kofi nilikula.

Na ukimkosea mwenzio, usimwendee na maneno yako. Jitenge. Ngoja mpaka akuite mwenyewe.

Bu Rashid hakufundishwa na baba yangu, lakini anayafanya haya yote. Mwaka jana nilipokamata kolekole, kabla sijasimama sawasawa, mshipi wake ulikuwa ushakunjwa, amekaa anatazama jabali upande wa pili. Nilitaka kulia, mtu mzima mimi. Harufu ya ule ukuta ilinirudia puani. Mwani, mafuta ya taa, koti la baba.

Ijumaa, 10 Januari

Nimefanya aibu.

Siku ya mapumziko, mwambani kumejaa. Watu kutoka Maskati na fimbo zao za kuvulia ndefu, majiko ya mkaa, viti vya kukunja. Wamejipanga bega kwa bega. Wanarusha juu ya vichwa vya wenzao. Mmoja kaweka sanduku lake la barafu juu ya gunia langu. Juu ya gunia! Salamu hana. Kachungulia ndoo yangu, akaniuliza nimepata wangapi.

Nikapandisha hasira. Nikazoa vitu vyangu nikahama. Sikuhesabu hatua, sikusalimu, sikungoja kukaribishwa. Nilijibwaga tu, nikarusha. Kutazama kushoto, Bu Rashid huyu hapa, hatua kumi na tano pengine. Na mshipi wake umekaza. Samaki mkubwa. Sijapata kumuona Bu Rashid amesimama kwa samaki, leo alisimama. Mimi badala ya kuvuta wangu juu nikababaika, nikauvuta upande, nikampita. Mishipi ikasokotana. Wake ukakatika.

Alikunja uzi uliobaki, taratibu, akachukua ndoo yake akaondoka. Hata kunitazama hakunitazama.

Yale yale niliyokuwa nawalaumia watu wa Maskati. Mabaya zaidi, maana wao hawajui.

Jumamosi, 11 Januari

Amehama. Yuko kwenye mwamba wa mwisho kabisa, hatua themanini na zaidi. Niliinua mkono. Hakuinua. Kichwa chini.

Nimerudi mapema. Sikula.

Jumatatu, 13 Januari

Hakuinua tena.

Salma kaniona sina raha, kanihoji mpaka nikamwambia. Kacheka kwanza. "Baba, uzi na samaki mmoja? Mwendee, mwambie samahani, khalas, yameisha." Nikamwambia mambo hayaendi hivyo. Aliyekosewa ndiye anayeita. Kaniuliza, "Na asipokuita?" Nikamwambia anachemsha chai mbaya, nikaingia chumbani.

Baba naye yalimkuta. Alimkatia mshipi fundi cherehani mmoja wa Malindi, rafiki yake tangu utotoni. Akajitenga, akahamia mwisho wa ukuta, akangoja aitwe. Nakumbuka tulivyokuwa tunakaa kule mwisho, upepo mkali, samaki hakuna. Kila asubuhi baba akimtazama fundi kwa pembe ya jicho. Miezi ile. Kisha tukaondoka Unguja kwa haraka, kama wengi walivyoondoka, na fundi hakuwahi kumuita. Nimewasimulia wanangu kisa hiki mara ngapi, kuwaonesha babu yao alivyokuwa na adabu. Leo nimekaa kitandani nakiwaza, kimenitia uchungu tu.

Lakini nitangoja. Sijui njia nyingine.

Alhamisi, 16 Januari

Bu Rashid yuko hospitali. Nimetoka huko sasa hivi. Siwezi kuandika.

Ijumaa, 17 Januari

Naandika ili nisijidanganye baadaye.

Jana alikuwepo pale pale mwamba wa mwisho. Niliinua mkono. Hakuinua. Nikakaa hatua zangu themanini, nikatia chambo. Mara nikaona amekaa upande, kama mtu anayesinzia. Nikasema moyoni, amenipa mgongo. Hasira zake bado. Nikatazama maji.

Halafu nikaona uzi wake. Ulikuwa unakimbia. Samaki ameushika na anauburura kuelekea kulia, uzi unateleza juu ya jiwe, na mwenyewe hainui mkono. Nimevua na wazee tangu nina miaka tisa. Mvuaji anaweza kununa na watu wote. Samaki hanuniwi.

Nililijua hilo. Na bado nilikaa. Ukweli ndio huo. Nilikaa kwa sababu sikuitwa. Niliona uzi umekwisha wote ndani ya maji, na mimi nimekaa kwenye gunia nasema, labda hataki, labda nitamvunjia heshima, ngoja kidogo. Sikutazama saa. Chai yangu ilikuwa moto nilipomimina, na nilipoiacha ilikuwa imepoa.

Kisha nikaenda. Nilikimbia, kama mbio za umri huu ni kukimbia. Mdomo umekwenda upande. Jicho moja linanitazama. Mkono wa kulia umelala kama si wake. Alikuwa anataka kusema, inatoka sauti tu. Nikapiga simu, nikamwekea kichwa chake mapajani kwangu mpaka gari la wagonjwa likaja. Nikawa namwambia samahani kwa Kiarabu, nikamwambia na kwa Kiswahili, ambacho hakijui.

Kiharusi. Daktari kaniuliza kilimshika saa ngapi. Nikasema sijui. Nilijua.

Jumanne, 21 Januari

Hajafa. Alhamdulillahi. Maneno yanarudi kidogo kidogo. Mkono wa kulia, daktari hana matumaini nao.

Nimekutana na mwanawe Rashid kwenye ujia wa hospitali. Kijana wa watu, kanibusu kichwa, kanishukuru. Sikuweza kuzipokea shukurani. Nikamwambia yote, tangu mishipi ilivyosokotana mpaka chai iliyopoa. Nilitaka anitukane.

Kanitazama kama haelewi. Kasema, "Ammi, baba alisema yeye ndiye aliyekukosea."

Aliyokuwa anayasimulia nyumbani ni haya. Kwamba siku ile aliniona nimezongwa na watu, alitakiwa aniite nikae kwake, na hakuniita kwa sababu samaki amemshika. Kwamba alitamani samaki kuliko jirani. Alipokatikiwa akasema ni haki yake. Akahamia mbali kwa aibu, hata kuinua mkono aliona haya. Na kila siku akimwambia mkewe, yule Mzinjibari ni mtu wa adabu, siku moja ataniita.

Siku tano. Wazee wawili, kila mmoja juu ya jiwe lake anangoja kuitwa.

Rashid akaniletea maji.

Alhamisi, 23 Januari

Sikwenda mwambani. Nimelala mchana kutwa.

Kiasi gani cha ule mkono ni mimi? Hakuna wa kuniambia. Salma kasema, "Baba, usingekuwepo angekufa." Kweli. Na ningesimama mapema angekuwa na mkono. Hiyo nayo kweli. Sioni ya kuifuta nyingine.

Namuwaza fundi cherehani. Huenda naye alikuwa anangoja.

Jumapili, 2 Februari

Bu Rashid katoka hospitali tangu juzi. Leo nimekwenda kwake. Sijawahi kuingia nyumba ile, wala sikuwa naijua ilipo. Sikupiga simu kwanza. Nimechukua changu wangu watatu wa asubuhi, nikaulizia mtaani, nikabisha hodi.

Kafurahi. Nusu ya uso imefurahi. Kaniambia karibu, polepole, silabi moja moja.

Mkewe kakaanga samaki, wakaweka sinia la wali katikati yetu mkekani. Rashid akakaa kumlisha. Bu Rashid akafunga mdomo. Mbele ya mgeni, hataki. Rashid akamwambia basi kula mwenyewe kwa huo wa kushoto, baba, Mungu anajua hali yako. Hakutaka. Maisha yake yote mkono wa kushoto haujagusa sinia la watu, ataanza leo mbele yangu? Akatazama wali. Mimi nilivyolelewa ningeshukuru, ningesema nimeshiba, ningeaga, ili nisimuone. Baba angeniambia hivyo hivyo.

Nikasogea. Goti langu likagusa goti lake. Nikachambua miiba, nikamwekea minofu upande wake. Kisha mkono wangu wa kulia nikauweka mgongoni, nikatia wa kushoto kwenye sinia, nikala. Wali ukanimwagikia kanzuni. Mola ataniwia radhi, nadhani.

Rashid kaduwaa. Bu Rashid akautazama mkono wangu kwenye sinia. Halafu akaleta wake wa kushoto.

Tulikula ovyo, kama watoto. Tukamaliza samaki wote watatu.