Neno Nililomwambia Baba Yako

Binti yangu,

Mgeuze baba yako kila baada ya saa mbili. Kisigino cha kushoto kimeanza kuwa chekundu, naye hasikii maumivu. Mfuko wa mkojo nimeshaumwaga.

Asubuhi nikimvalisha shati aliniambia, "Mama watoto, nipelekeni kwenye kituo cha walemavu. Tangu nivunjike shingo nimewafunga humu ndani."

Nikamjibu, "Basi nenda kwa miguu yako!"

Mdomo wangu huu! Machozi yakamtoka, na mkono wa kuyafuta hana. Nami nikajifanya nimechelewa kazini, nikatoka chumbani bila kumfuta.

Mfute uso kabla hujampa chai.

~~Usimsomee karatasi hii.~~ Msomee yote. Mwambie hapa ni kwake, na ndevu nitamnyoa mwenyewe jioni, akinikubalia.

Mama