Tangazo Lililobakiza Namba ya Kiatu

Kaka Damir,

Kabla sijakuamkia, nikuambie neno ambalo sijamwambia mtu: tangu uondoke nalala chumbani kwako. Mama anadhani ni kwa sababu ya bomba la joto linalovuja chumbani kwangu. Bomba hilo nililikaza mwenyewe kwa spana yako mwezi wa tatu. Nalala kwako kwa sababu nimekukumbuka, basi.

Sasa shikamoo. Habari za Kočevje huko Slovenia, habari za kazi, habari za mguu ule ulioangukiwa na gogo? Sisi huku wazima, wasiwasi wetu uko kwako tu. Tunajua juzi mlinyeshewa, maana mama kila asubuhi huangalia kwanza hali ya hewa ya huko kwenye simu, ndipo afungue dirisha aone ya kwetu. Ya kwetu ni ukungu mtupu wiki nzima, na moshi wa kuni hauna pa kupitia. Paka wa jirani amezaa tena kwenye kuni zetu. Mama anasumbuliwa na mgongo kidogo, mimi nasumbuliwa na hisabati.

Nakuandikia kwa karatasi kwa kuwa unanijua kwenye simu: nasema ndiyo, nasema hapana, halafu nasema haya nakupa mama. Barua hii nitampa dereva wa basi la Ljubljana Jumapili, pamoja na chupa mbili za ajvar, rojo yetu ya pilipili nyekundu. Nakuomba sana uisome kabla hujampelekea bosi wako barua ya kuacha kazi. Ulisema utaipeleka Jumatatu. Tafadhali kaka, soma mpaka mwisho kwanza, hata ukikasirika katikati.

Uliuliza imekuwaje tumepata serikali ghafla baada ya miezi saba. Nilicheka uliposimulia vile bosi wako Mslovenia alivyotaka umweleze nchi yetu inatawaliwaje, ukampangia vikombe mezani: kimoja cha dola nzima, chini yake viwili vya nusu mbili, kisha nusu yetu, Shirikisho, ukaimwagia vikombe vidogo kumi vya majimbo, kila kimoja na bunge lake, waziri mkuu wake, mawaziri wake, na kila waziri na dereva wake. Naye akauliza kahawa yenyewe iko wapi. Ungemwambia, kaka, kwamba kahawa iko kwenye vile vidogo. Shule ni ya jimbo, polisi ni wa jimbo, hospitali ya jimbo, msitu wa jimbo. Ukienda kulalamika Sarajevo wanakusikiliza vizuri, wanakupa kiti, halafu wanakurudisha kwa waziri wako wa jimbo. Na waziri wa jimbo hapatikani mpaka wabunge wakubaliane.

Wetu hawakukubaliana. Viti ishirini na tano: kumi na mbili huku, kumi na mbili kule, na mama peke yake katikati na kaorodha kake kadogo ka wagombea, watu wa maduka na walimu. Mawaziri wa zamani waliendelea kukalia viti bila uwezo wa kupitisha bajeti. Walilipa mishahara nusunusu, basi. Mwenye mabasi ya wanafunzi akayarudisha gereji. Watoto wa vijiji vya juu wakawa wanaomba lifti kwenye malori ya magogo. Walimu wakagoma, wakarudi, wakagoma tena. Watu wakawa wanakuja duka la dawa anakouza mama kununua aspirini wasizozihitaji, ili tu wamwambie mama wakati anahesabu chenji kwamba jimbo zima limesimama kwa sababu ya mkono wake mmoja. Alikuwa anajibu vizuri. Akifika nyumbani anavua viatu na kukaa nao mapajani.

Sharti lake lilikuwa moja, na unalijua, maana ndilo lililomwingiza bungeni: mlango mmoja. Shule yetu iwe na mlango mmoja, watoto wa mtaala wa Kikroati na wa Kibosnia waingilie pamoja, hata kama wakishaingia kila mmoja anakwenda darasa lake. Mimi nimeingilia milango yote miwili. Miaka ya mwanzo nilisoma kwa mtaala wa upande wa baba, sasa nasoma kwa mtaala wa upande wa mama, na mpaka leo sijui niagize mkate kantini kwa neno lipi, maana kila upande una neno lake la mkate. Ndiyo maana huwa nanyoosha kidole. Watu wanasema nina haya. Sawa, nina haya, lakini pia nimechoka kuangaliwa mdomo.

Basi Jumanne ile mama aliinua mkono. Nilikuwa juu, kwenye viti vya wageni. Spika alihesabu kwa kalamu, akafika kumi na tatu, akahesabu tena kama mtu asiyeamini. Waziri mkuu mpya akasimama akasoma majina ya mawaziri wanane, na wizara ya misitu ikaenda kwa chama cha mjomba Krešo, kama kawaida. Mabasi ya wanafunzi yaliandikwa kwenye makubaliano. Mlango ukaundiwa kamati.

Mji ulimshukuru mama, kaka. Sikudanganyi. Mwanamke mmoja wa kijiji cha juu alimletea jibini nzima na kumbusu mkono mbele ya wateja. Mabasi yanatembea, walimu wamelipwa. Ni shangazi Ševala tu wa mkahawa ulio chini ya bunge ambaye amebadilika. Unakumbuka alivyokuwa hamtozi mama kahawa, kwa kuwa yeye ndiye aliyezunguka na karatasi za saini ili mama agombee? Sasa mama akiweka marka mbili mezani, Ševala anazichukua. Anasema asante, anafuta meza, anakwenda zake. Binti yake anaingilia mlango ule mwingine.

Wiki iliyofuata likatoka tangazo la kazi la kampuni ya misitu. Unajua mchezo wa pale mkahawani: likitoka tangazo la serikali, mmoja anasoma masharti kwa sauti na wengine wanakisia limeshonewa nani. Nilikuwa kwenye kona na chai yangu. Alisoma fundi saa mmoja, miwani puani: msimamizi wa uvunaji, cheti cha misitu, leseni ya lori, uzoefu wa miaka mitatu nje ya nchi, mafunzo ya kuvuta magogo kwa kamba za chuma mlimani, na awe anajua Kislovenia.

“Kislovenia?” akauliza mzee wa meza ya pili. “Misonobari yetu imebadilisha uraia?”

“Imebaki namba ya kiatu tu,” akasema fundi. “Ningejua namba ya kiatu ningekutajia jina sasa hivi.”

Wakakisia, wakakubaliana ni mpwa wa waziri mkuu, yule aliyesoma Ljubljana akafukuzwa. Wakaweka na dau la pombe ya rakija. Ševala hakucheka. Aliniangalia, na mimi nikaangalia chai. Namba ya kiatu chako ni arobaini na nne.

Ulipopiga simu ukasema umeliona tangazo kwenye mtandao, sauti yako, kaka, sijaisikia hivyo tangu tumzike baba. Ulisema hatimaye wanaajiri watu kwa kazi wanayoijua. Ulisema unaona kama limeandikwa na mtu aliyekusoma moyoni. Mama alikuwa amesimama karibu nami, akaniwekea mkono begani, na mkono ule ulikuwa mzito.

Siku ile tulipika pita ya viazi, ile ya kukunjwa kwa unga mwembamba. Akiwa anaitandaza ile karatasi ya unga mezani, akaniambia bila kunitazama kwamba ndiyo, kazi ile ni ya Damir, iliombwa na ikakubaliwa, na mlango ndio uliolipa. Alisema Krešo alimjia dukani akanunua dawa ya kikohozi asichokuwa nacho, akamwambia kwa upole kwamba mlango ule hautafunguka muhula huu hata akikaa miaka minne, lakini mtoto anaweza kurudi kabla ya theluji. Nilimwambia wewe ukijua hutakuja. Nilimkumbusha kwamba baba alitolewa usimamizi wa msitu akawekwa kulinda geti kwa sababu serikali ilibadilika tu, na wewe uliondoka ukisema utarudi siku kazi itakapokuita bila mkono wa mtu nyuma yake.

“Najua alichosema, nilikuwepo,” mama akasema. “Ndiyo maana hatumwambii. Acha aje kwanza. Hasira zake atazimalizia hapa hapa, mezani kwangu, na kijiko mkononi.”

Unga ukachanika. Akauunganisha kwa vidole vilivyolowa mafuta, akasema miezi saba amekuwa mama wa watu ishirini na wanne wasiokuwa wake.

Usimchukie. Mimi nilijaribu siku mbili, nikashindwa.

Sasa nifike kwenye langu, maana mpaka hapa nimekusimulia ya wengine. Mama anaamini Krešo alibuni mwenyewe. Anasema yule mzee ana pua. Hana pua, kaka. Aliambiwa.

Ilikuwa siku ya kikao kilichoahirishwa mara ya tano au ya sita. Nilikuwa kantini ya bunge nikimsubiri mama, na mjomba Krešo akaja na kifla mbili, vile vimkate vya jibini, akaketi. Unajua alivyo; nusu ya ndoa za mji huu amesimama shahidi, na maziko ya baba alileta kuni bila kuombwa. Hakuniuliza chochote kuhusu kura. Aliniuliza shule, akaniuliza paka, na hakuniangalia mdomo nilipokuwa naongea. Nikaongea. Sijui kama unaweza kuelewa ilivyokuwa, mtu kama mimi kuongea robo saa nzima na mtu akawa anangoja sentensi iishe. Halafu akauliza, mama anakosa nini pale nyumbani?

Ningeweza kukuambia ulimi uliteleza. Nimeiandika hivyo mara mbili, nikachana karatasi. Haukuteleza. Nilijua Krešo ni nani, nilijua msitu utakuwa wa nani, na nilijua mama atakosa nguvu mahali gani. Nikamwambia anamkosa Damir. Nikamwambia habari za hali ya hewa ya Kočevje kila asubuhi. Nikaendelea bila kuulizwa: nikamtajia cheti chako, leseni yako ya lori, mafunzo yako ya kamba, miaka mitatu, hata Kislovenia. Aliitikia kwa kichwa tu na kunisogezea kifla ya pili, nikaila. Kwa hiyo ulipohisi tangazo limeandikwa na mtu aliyekusoma moyoni, hukukosea sana. Ni mimi niliyelisema, yeye akalipiga chapa.

Sikuwa namfikiria mama, Damir. Huo ndio ukweli. Nilikuwa nataka wewe urudi, na mlango niliuona kama kitu kidogo, maana mimi nilishapita kote kote na bado sikufika popote. Sasa kila asubuhi naingilia mlango wetu, naona binti wa Ševala anaingilia wao, tunapungiana mkono kama watu walioko ng’ambo mbili za mto, na sijui nimwambie nini.

Nataka urudi. Naliandika tena ili usije ukadhani nimekuandikia kukufukuza: nataka urudi kuliko kitu chochote. Lakini nikikunyamazia, utafika, utavaa koti la kampuni, utakwenda msituni ukiamini umeitwa, halafu siku moja kwenye meza fulani mtu atakuambia kwa utani, na mimi nitakuwa nakuona unavyogeuka. Au serikali itabadilika, watakupeleka getini kama baba, na hutajua hata kwa nini. Ukija, njoo ukijua. Usipokuja, nitakwambia ukweli: nitalia, halafu nitaendelea. Mlango wenyewe mama anaweza kuudai tena, kura yake bado anayo. Serikali hii inasimama kwa mkono huo huo mmoja. Lakini hataudai akiwa na deni, na deni lenyewe ni wewe. Hilo sijamwambia. Sijui kama ni kazi yangu kumwambia.

Basi kaka, nisikuchoshe. Msalimie bosi wako wa vikombe, na wenzako wa msituni wote. Vaa soksi mbili. Ajvar yenye kifuniko chekundu ni kali, ile nyingine ni ya mama. Shangazi Ševala hajanituma salamu, lakini jana aliniuliza kama hujambo, nikasema hujambo.

Ni mimi mdogo wako anayekupenda,
Jasenka

Kaka, nilikuwa natafuta bahasha. Mama amerudi mapema, nasikia viatu vyake kwenye ngazi, amesimama kidogo pale anaposimamaga kwa ajili ya mgongo. Muda wa kuficha ninao, droo iko wazi karibu na goti langu. Naifunga kwa goti. Karatasi zote nimezipanga juu ya meza kuanzia ya kwanza, maandishi juu, zikielekea kiti cha mkabala ambako huwa anakaa.

Anashika kitasa.