Maziwa ya Saa Tisa

Jumatatu, 4 Machi

Siku ya kumi na tisa tangu tutoke nyumbani. Siku ya tisa tangu binti yetu, Bi Mkubwa wangu, apasuliwe moyo. Ana miezi minne tu, na mshono wake unaushinda urefu wa kiganja changu.

Choo cha hosteli ya wazazi hapa hospitalini kimeziba tena. Wanaume watano tumesimama, mashati puani. Nikazamisha mkono mpaka kiwikoni, nikatoa nepi. Nepi! Mtu mzima na akili zake. Baba wa kitanda cha sita akaniuliza, fundi, wewe pua ulizaliwa nayo kweli? Nikamwambia miaka kumi na moja nazibua mitaro ya maji taka, pua ilishaniaga.

Mke wangu kapata mafua. Wamemzuia kuingia wodini mpaka apone. Nimebaki mimi.

Jumanne, 5 Machi

Bi Mkubwa hana nguvu ya kunyonya. Analishwa kwa mrija, unapita puani hadi tumboni. Haruhusiwi kutoka mpaka wazazi wote wawili wajue kumlisha. Mama alishafaulu. Leo zamu yangu. Kwanza unavuta kwa bomba la sindano kilichomo tumboni, unakitazama, ndipo unampa maziwa.

Kikaja. Maziwa yameganda, ya njano, yana joto la mwili wake. Yananuka uchachu. Nikatapika kwenye sinki, watu wanaona. Mimi huyu. Kinyaa kwa mwanangu wa kumzaa. Sijawahi kujidharau hivi.

Jumatano, 6 Machi

Nikafanya kama kazini. Mtaroni unageuza uso, unabana pumzi, mkono ndio unaoona. Nikasukuma maziwa hivyo hivyo, macho ukutani. Haraka, yaishe. Nesi akanidaka mkono. Bi Mkubwa kabadilika rangi, maziwa yanamtoka mdomoni.

Mtoto alipotulia, nesi hakufoka. Afadhali angefoka. Alisema, baba, huku hatupapasi. Huyu si mtaro. Mtazame usoni, mwenyewe atakuambia pole pole au basi.

Nikampigia mke wangu. Nikamwambia, nangoja upone, hii kazi ni yako. Akacheka mpaka akakohoa. "Baba wee, mimi nilitapika siku mbili. Ulidhani mwenzio sina kinyaa?"

Hakuwahi kuniambia.

Alhamisi, 7 Machi

Asubuhi nimevuta, nimetazama. Mate yalijaa mdomoni, nikayameza. Kinyaa kipo, sina haja ya kudanganya daftari. Maziwa yalipoanza kushuka nikamkazia macho Bi Mkubwa. Na yeye akanikazia, kama mnyapara anakagua kazi. Akikunja uso, nasimama. Akikunjua, naendelea. Dakika ishirini na tano, shati limelowa.

Nesi anasema mara moja si kufaulu. Saa tisa mtihani. Nitafanya peke yangu, yeye atakaa kimya. Nikishindwa, wiki nyingine hapa.

Nimetoka kupata hewa hapa ngazini. Ngazi zenyewe zinanuka mkojo. Mikono nimeisugua kwa sabuni mpaka inawasha, bado siiamini. Nesi hakupenda nitoke. Akauliza, utarudi kweli? Nimemwachia kitambulisho changu mezani. Sasa ni saa nane na nusu. Saa tisa kasoro kumi nitakuwa kitandani kwake.