Fundi Chogo, Uliyeutegea Moshi Mtego

Mwaka umezunguka, mjukuu wetu, tangu mchana ule ulipojilaza baada ya chakula na usiamke. Uliacha viatu vyako mlangoni, kimoja kimelala ubavu, na redio ikizungumza peke yake.

Tunaanza na hili kwa sababu bado liko midomoni mwa watu: umeme haukukuua. Ulizaliwa na moyo wenye tundu. Mama yako aliambiwa hutafika darasa la kwanza, ukafika, ukapita. Daktari aliyekupokea mara ya mwisho alitwambia wazi kwamba ni moyo. Lakini msibani, hata viti vya kuazima havijarudishwa, tulimsikia mtu akinong'ona kwa ule mnong'ono unaotaka kusikika, "Si alikuwa akichezea moto wa televisheni? Basi umemla." Tulinyamaza, kwa kuwa msiba una adabu zake. Sasa tunasema.

Watu walipoanza kununua televisheni bapa, zile za chogo, zenye kisogo kikubwa nyuma, zilitupwa vichochoroni. Wewe ulizikokota nyumbani. Wenzako wanapita wamechana nywele, wamevaa viatu vipya, wewe unasukuma mkokoteni wenye televisheni iliyopasuka uso. Ndipo wakakubandika jina la Fundi Chogo. Ulicheka tu. Ulisema jina halipigi mtu shoti.

Ndani ya kila televisheni ulikuwa ukitafuta kitu kimoja, cheusi, kizito mkononi, chenye waya mnene unaoishia kwenye kifuniko cha mpira kama kikombe kilichopinduliwa. Mafundi wanakiita flaibaki. Mimi bibi yako ulinieleza kwa maneno ya jikoni: unaipa umeme mdogo, unaukoroga haraka haraka, nayo inautoa mkali kiasi cha kuruka hewani. Nyingi zilikuwa zimekufa zamani. Ulizipima moja moja, bila haraka, kama mtu anayechambua mchele.

Na hukuchezea. Kila ulipoukaribia umeme ule, mkono wa kushoto uliutia mfukoni. Suruali zako zote zilitoboka mfuko huo huo, nikazishona mpaka nikakuuliza kama mkono wako una meno.

"Bibi," ulinijibu, "nikikosea kwa mkono mmoja, nitaruka na kutukana. Nikikosea kwa miwili, umeme unapita kifuani. Na moyo wangu mimi hautaki wageni."

Huyo ndiye wanayesema alikuwa mzembe.

Ulikuwa ukinisikia nikikohoa. Jiko letu ni la kuni, dirisha lake ni dogo, na kifua changu kilikuwa kimeshazoea kulia. Siku moja ulikuja na bomba la bati ulilolikunja kwa mikono yako, ukalisimamisha juu ya mafiga, ukapitisha waya mwembamba katikati yake, pasipo kugusana popote. Flaibaki ya kuulisha waya huo umeme uliiweka nje ya ukuta, ndani ya sanduku lenye kufuli, juu kuliko mkono wa mtoto. Waya mwingine, unaotoka kwenye bati, uliufukia ardhini.

"Mke wangu," uliniita, maana ndivyo ulivyoniita tangu ulipojua kusema, "washa kuni mbichi. Zile mbaya kabisa."

"Utanifukiza, bwana wewe. Unataka kuoa mwingine?"

"Washa tu. Leo moshi umepata mwenyewe."

Moshi ukapanda, mzito, kama kawaida yake. Ukabonyeza swichi. Tukasikia mlio mwembamba, kama mbu aliyefungiwa chupani, na moshi uliokuwa ukitoka juu ya bomba ukapungua, ukawa uzi, ukakatika. Mama yako alitoka kutazama paa. Alirudi akiwa ameshika kiuno.

"Umekwenda wapi?"

Ulizima, ukaugusisha waya wa katikati na ule wa ardhini kumaliza umeme uliobaki, kisha ukamwonyesha masizi yaliyoganda ndani ya bati. Ulisema waya huuvisha moshi umeme, na ukishavishwa hauna ujanja tena, lazima uliandame bati. Mama yako akasema laiti wanaume wangekuwa hivyo.

Msimu ule nililala usingizi mzima. Hukudai shukrani. Uliniuliza tu asubuhi, ukifunga viatu, "Umekohoa?" Nikisema hapana, unaondoka.

Baada ya msiba alikuja baba yako mdogo. Hatumsemi vibaya, yeye ndiye aliyekubeba mgongoni hadi hospitali ulipokuwa mdogo, mara si moja. Alikuja kwa uchungu. "Mama," aliniambia, "takataka hizi zimeshaua mmoja. Natupa zote, na lile dubwana la jikoni naling'oa."

Kwanza akaiwasha televisheni moja aone kama inafaa kupewa mtu. Ikavuma bila picha. Akaizima, akachomoa waya ukutani, akafungua mgongo wake, akaingiza mikono yote miwili kukibandua kile kikombe cha mpira. Alirushwa hadi kwenye rundo la kuni.

"Nimeichomoa," alikuwa akirudia, macho yamemtoka. "Mama, mimi nimeichomoa."

Jirani yetu mshonaji alikuwa mlangoni. Akajishika kichwa. "Marehemu hataki vitu vyake viguswe." Kabla jua halijatua, mtaa mzima ulikuwa na habari kwamba mzimu wako umempiga baba yako mdogo.

Nilimpa maji, nikamsugua mikono. Kisha nikachukua bisibisi yako ndefu yenye waya uliofungwa kwenye chuma chake. Nikabana ncha ya waya kwenye fremu ya televisheni, nikautia mkono wa kushoto nyuma ya mgongo, nikapenyeza bisibisi chini ya mpira. Ikalia ta. Nikangoja, nikarudia, ikanyamaza.

"Hakuna mzimu," niliwaambia wote wawili. "Kioo hiki ni mtungi wa umeme. Ukifunga bomba la maji, mtungi haumwagiki wenyewe."

Baba yako mdogo alinitazama kama mtu aliyekosea nyumba. "Nani kakufundisha haya, mama?"

"Mume wangu."

Alicheka, halafu cheko likageuka kilio, nasi tukamwacha alie. Alipomaliza aliinuka akalitazama bomba la jikoni. Bado aliogopa. Nilimwambia akiling'oa lile aning'oe na mimi, maana pumzi ninayobishana naye nimepewa na lile. Akakunja mikono ya shati, akauliza kuni ziko wapi, akanipasulia za wiki nzima.

Bomba lipo. Chumba chako kipo, na televisheni zako zimepangwa ukutani. Dada yako huingia humo baada ya kazi zake, ameanza kupima zile flaibaki ulizoziacha. Wapo wanaomwambia atakufuata. Anawajibu kwamba kila mtu atakufuata, tena wengine wakikohoa.

Kwa hiyo leo hatutakaa kimya. Tunapika, na mlango wa jikoni uko wazi. Mwenye kusema umeme wako ulikuua aje alisemee humo ndani, mbele ya moto unaowaka. Atakuwa na hewa ya kutosha kulimaliza neno lake.

Unakumbukwa na mama yako, anayeyasugua masizi yako kila yakijaa na hataki kusaidiwa. Baba yako mdogo, ambaye sasa hubisha hodi kabla ya kuingia chumbani kwako. Dada yako, fundi. Na mimi, bibi yako na mke wako, ambaye jana hakukohoa.

Tutakukumbuka siku zote, na siku zote tutakujibia.