Simu Iliyosahauliwa Juu ya Friji

Mdogo wangu mpenzi,

Salamu zangu zikukute umeketi, maana barua hii haifai kusomwa kwa kusimama. Kikohozi kinaendeleaje? Mimi ni mzima wa kila kitu isipokuwa masikio. Ndiyo yaliyotuachia barua tu mimi na wewe, kwa kuwa kuzungumza kwa simu kwangu ni kama kuzungumza na mtu aliyefunikwa gunia.

Barua yako ya mwisho nimeirudia mara nyingi. Unasema umeupaka upya rangi ya kijani mlango wa nyumba ya baba, na kwamba dirisha la chumba changu bado linatazama uani. Nisamehe, nilikula mkate wangu kwa kusahihisha miswada ya watu, na jicho halistaafu. Mwaka jana dirisha hilohilo lilitazama barabara. Nikasema moyoni, labda mdogo wangu naye anazeeka.

Wakati huo niliyemshuku alikuwa mwanangu. Unajua anatengeneza programu za simu. Sasa ana moja kwa ajili yetu sisi tusiosikia. Navaa vidude viwili masikioni, visivyo na waya. Simu ikiachwa chumba kingine, huyaokota maneno ya huko na kuniletea. Mimi ndiye wa kujaribiwa. Huiweka simu sebuleni au jikoni, huisomea vichwa vya habari vya gazeti, kisha huja kuniuliza nimesikia nini. Siku moja nilimjibu kwamba waziri amezikwa. Alicheka mpaka akakaa chini, akasema waziri amezindua daraja, nimwache aishi.

Nilichoshuku ni hiki. Kila nikitaja safari ya kurudi nyumbani, alikuwa na sababu. Kwanza nisubiri programu ikamilike, kisha mvua zipite, kisha daktari aseme neno. Yeye na mkewe walinong'ona jikoni, na mimi nikiingia wanaanza kuisifia chai. Mkwe wangu, ambaye utamu si kawaida yake, akaniuliza kama ngazi hazinichoshi. Basi nikajua: hawa wananitafutia nyumba ya kutunzia wazee. Kikulacho ki nguoni mwako. Nikaanza kujifungia chumbani, na pasipoti nikaificha ndani ya foronya.

Juzi mchana, baada ya jaribio, aliisahau simu juu ya friji, programu ikiwa bado inasikiliza. Mimi nilikuwa chumbani nakunja nguo, vidude bado vimo masikioni. Nikasikia kiti kikivutwa, kijiko kikigonga kikombe, mkwe akisema mjomba yuko hewani, kwenye spika ya simu yake. Nikaacha kukunja. Sasa nitayasikia kwa masikio yangu, nikawaza, jinsi wanavyoniuza. Kisha mtu akakohoa. Mdogo wangu, sauti yako imezeeka, lakini kikohozi ni kilekile cha baba.

Nilikusikia ukiwasihi wasiniruhusu kuja. Ukasema nyumba ilibomolewa zamani, barabara ilipopanuliwa, kwamba umepanga chumba kimoja, na kwamba kila ukishika kalamu uniambie, mkono unakataa. Halafu ukaleta mzaha, kama kawaida yako: mlango ule umeupaka kwenye barua miaka yote hii, sasa rangi yenyewe imekuishia. Mwanangu hakucheka. Wala mimi.

Alipoikumbuka simu alinijia mbio, uso umemshuka, akaniuliza kama nimesikia chochote. Nikamwambia nimesikia kelele tu, kama vitunguu vinavyokaangwa. Akashusha pumzi. Lakini fundi ni fundi. Pumzi haijaisha kushuka akaanza kujiuliza vitunguu vimetoka wapi.

Hapo ndipo ninapoungama. Tangu juzi anatafuta kasoro isiyokuwapo. Ameifumua kazi yote, chakula kinampoa mbele yake, na keshokutwa anatakiwa kuwaonyesha waliomwajiri. Asubuhi amesema ataiondoa kabisa sehemu ile ya kuokota maneno ya chumba kingine, kwa sababu sikio linalokaanga vitunguu hawezi kuwapa wazee wa watu. Ndiyo sehemu aliyoihangaikia kuliko zote, naye aliianza kwa ajili yangu. Inakufa ili uongo wako na wangu upate kuishi. Siwezi. Nikishaifunga bahasha hii nakwenda jikoni kumwambia kwamba programu yake haina kosa. Nilisikia kila neno, hata kijiko. Nimetaka wewe uwe wa kwanza kujua, nawe ujue kutoka kwangu.

Usimkasirikie mpwa wako, alikutunzia siri kama ulivyomwomba. Nami sikukasirikii. Nilikuachia nyumba uitunze, na ilipoanguka ukaendelea kunijengea kwa wino. Ila hukuwa fundi wa madirisha.

Nakuja vilevile. Niandikie chumba chako kilivyo, bila kuongeza hata msumari: dirisha linatazama wapi, kitanda kiko upande gani, na kama pana mahali pa kutandika godoro la pili. Mlango, hata ukiwa umebabuka, usiuguse. Nitakuja na kopo la rangi, tuupake wote wawili.

Nisalimie wote wanaoniulizia. Mkwe wangu anakusalimu, ingawa hajui kwamba najua mlishasalimiana.

Ni mimi dada yako,
ambaye safari hii amesikia vizuri